Mlango wa Baba Mkwe

Baba mkwe aliposafiri aliniachia funguo za gari lake na agizo moja: "Uliwashe kila baada ya siku mbili, betri isife." Hakusema niliendeshe. Mimi nikaona kuliwasha tu bila kulitembeza ni kulionea, nikalitoa. Nikaenda salama, nikarudi salama. Pale getini, kabla hata sijaliegesha, ndipo niliposikia mlio kama wa kijiko kinachokwangua sufuria.

Komeo la geti lilikuwa limechomoza nje. Mlango wa nyuma, upande wa dereva, mkwaruzo wa sentimita 15. Nilizipima kwa rula ya mtoto, sijui kwa nini. Labda nilitumaini ziwe 14.

Nikampigia shemeji, mdogo wake mke wangu. Gari ni la baba yake, nikajua hatanichoma.

"Pitisha ukucha," akaniambia. "Ukiteleza, iliyochubuka ni kliya tu, ule utando wa juu unaong'aa, unapiga kompaundi ya kung'arishia na habari imekwisha. Ukikwama, shemeji, umezama."

Ukucha haukukwama tu, uliingia ukatulia. Ndani ya ule mfereji niliiona praima ya kijivu, ile inayopakwa chini ya rangi, na katikati ya praima, bati lenyewe limenikodolea macho.

"Basi hapo ni msasa, puti ya kujazia shimo, praima, rangi, kliya," akasema. "Kazi ya asubuhi moja."

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Baba alikuwa anarudi Jumapili jioni.

Rangi tulinunua kwa namba. Kila gari lina kibati au karatasi yenye namba ya rangi yake, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti, na mimi nilikuwa nalijua hilo, nikajitapa mbele ya muuzaji. Nisichokijua ni kwamba ile namba ni ya siku gari lilipotoka kiwandani. Ni kama cheti cha kuzaliwa: kinakuambia mtu alizaliwa lini, hakikuambii leo anafananaje. Gari la baba lilikuwa la rangi ya fedha, fedha iliyopigwa na jua miaka na miaka. Fedha ya kwenye kopo ilikuwa bado bikira.

Lakini hayo ya mbele. Kwanza msasa. Namba ya msasa ikiwa kubwa, msasa ni laini. Ikiwa ndogo, ni mkali. Mimi kichwani nilikuwa nayo kinyume. Kwa kazi kama ile mtu huanza na 320 au 400, akalainisha kingo taratibu. Mimi, kwa huruma zangu, nikaomba namba 80. Ule ni msasa wa kung'olea kutu. Rangi yote ya gari, tangu praima hadi kliya, unene wake ni kama nywele mbili zilizolaliana. Nilipiga mikono minne tu. Nilipopangusa vumbi, mkwaruzo haukuwepo tena. Palikuwa na uwanja wa bati mtupu, mpana kama sinia, unang'aa vizuri kuliko gari lote.

"Angalau mkwaruzo umetoka," akasema shemeji.

Tukaingia kwenye puti. Puti haikauki bila hadena, dawa ya kuigandisha, na hadena inatakiwa chembe tu, kama gramu 2 kwa gramu 100 za puti. Shemeji akauminya mrija kama anapiga mswaki. "Ili ikauke haraka," akasema. Kweli ilikauka haraka. Ilikaukia kwenye kadibodi, tukiwa bado tunaikoroga, na kile kibao cha kupakia kikabaki kimesimama wima katikati yake kama mlingoti. Nilikivuta, ikanyanyuka kadibodi nzima. Ile ya pili tukaichanganya kwa adabu, ikakubali.

Kabla ya kupuliza rangi lazima ufunike pasipohusika. Shemeji akaja na magazeti ya zamani na ile tepu ya karatasi. Jina lake ni "masking tape", yeye huiita maskini tepu. Nilimcheka. Siku ile ile nikajua maskini alikuwa nani. Tukabandika gazeti kwenye dirisha, kwenye kitasa, hadi kwenye tairi ambalo halikuwa na kesi yoyote.

Kopo linataka litikiswe dakika mbili tatu, lishikwe kama sentimita 20 au 25 kutoka kwenye bodi, mkono utembee bila kusimama, mpako mwembamba juu ya mpako mwembamba. Mimi niliegemea karibu kama nanong'ona siri. Rangi ikajaa, ikafikiri kidogo, kisha ikaanza kutiririka. Mlango ukalia machozi saba, niliyahesabu. Nikasubiri yakauke, nikayapiga msasa, nikapuliza upya. Sasa hayakuwepo machozi, ila palikuwa na kiraka kinachowaka kama mwezi mpevu. Fundi wa rangi yeyote atakuambia fedha ni rangi ya adhabu: ndani yake mna vichembe vya alumini, na visipolala sawasawa na jirani zao, mwanga unakusema. Tiba yake ni kusambaza. Nikasambaza kushoto, nikasambaza kulia, na kufika magharibi mkwaruzo wa sentimita 15 ulikuwa umekuwa mlango mzima. Mke wangu alitoka barazani, akatazama, akarudi ndani bila kusema neno. Yule akinyamaza ujue amekwisha kuona matanga.

Jumapili mchana nikapiga kliya. Ikalala vizuri, nasema kweli, mlango ukawa kama maji. Nikarudi nyuma hatua tano, nikashika kiuno. Hapo ndipo upepo ulipokuja. Lile gazeti la dirishani likabanduka juu, likapinduka taratibu kama mtu anayejilaza kitandani, likajibandika kwenye kliya mbichi. Shapaa!

"Usiguse!" nikapiga kelele. Shemeji alikuwa amekwisha kugusa.

Karatasi ilitoka karibu yote. Wino wa kichwa cha habari, wenye herufi ndefu kama kidole, ukabaki. Kwa kuwa lilijibandika kifudifudi, maandishi yalitoka kinyumenyume. Nilifikia chupa ya thina, ile ya kuyeyushia rangi, kisha nikajizuia: thina juu ya kliya ambayo haijakauka ingeshuka na rangi, puti na heshima yangu. Dawa ilikuwa kuacha ikauke vizuri, kupiga msasa namba 2000 kwa maji, na kurudia kliya. Saa hizo sikuwa nazo.

"Akathsam Anaka," akasoma shemeji. "Baba atadhani ni jina la kampuni iliyotengeneza mlango."

Baba alifika giza likianza kuingia. Nikapokea begi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Gari zima?"

"Zima kabisa."

"Hukulitoa?"

"Hata getini halijafika, Baba."

Akalizunguka, mkono mmoja mgongoni. Alipita kwenye ule mlango bila kusimama, nikarudisha pumzi. Akafungua wa mbele, akaketi kwenye usukani, akawasha. Betri ilikuwa nzima, akatabasamu. Kisha akavaa miwani, akaanza kuirekebisha saiti mira ya upande wake, kidogo ndani, kidogo chini, taa ya barazani ikimulika ubavu wa gari. Mkono wake ukasimama. Akasogeza uso karibu na kioo, na nikaona midomo yake inacheza, kama mtoto anayejifunza kusoma.

"A-ka-na," akasema. "Ma-shta-ka."

Akashusha dirisha pole pole.

"Mwanangu," akaniita, kwa upole ulionitisha kuliko kelele, "huyu aliyekana mashtaka ni nani?"

Niligeuka kumtafuta shemeji. Alikuwa kule getini, ameinama, anachunguza komeo kana kwamba leo ndiyo mara ya kwanza kuliona.