Elfu Sita au Elfu Tisa?

Mimi si kiziwi, jamani. Usiku nyumbani, redio imezimwa, mama watoto akiguna tu nalipata guno lote na sababu zake. Sasa nipeleke stendi ya Kilombero hapa Arusha jioni, makonda wanaita, bodaboda zinanguruma, halafu uniulize umeniambia nini.

Hapo ndipo kesi inapoanza. "Baba anajifanya! Mbona jana alisikia tukinong'ona habari za kiwanja?" Jana palikuwa kimya! Ninyi wenye masikio mazima mnapepeta maneno ya mtu katikati ya kelele kama mchele na chuya. Mimi naletewa gunia zima.

Daktari alinieleza. Miaka niliyosaga mahindi kwenye mashine ya dizeli pale Ngarenaro imekula vinywele vidogo vya ndani ya sikio, na vikifa havioti tena. Vinavyotangulia ni vya sauti nyembamba. Kwa hiyo a na i zinanifikia, s na t zinabaki njiani. Muuza ndizi akitaja bei nasikia "elfu i-a." Sita au tisa? Natoa elfu kumi, nangoja chenji initajie.

Nikiuliza tena, anapayuka. Kupayuka kunanenepesha hizo hizo a na i, soko zima linageuka kutazama mzee anayegombezwa. Simama mbele yangu nione mdomo, sema taratibu, basi. Lakini mji huu mtu anakusemesha huku anachungulia simu!

Watoto wakaninunulia mashine ya sikio. Asanteni, wanangu, chumbani inafanya kazi vizuri. Kwenye nyama choma ni balaa: sahani, mpira kwenye runinga, kicheko cha meza ya nyuma, vyote vimekuzwa, na shemeji aliyekaa ubavuni ndiye anayefika wa mwisho. Namjibu "kweli kabisa, kweli kabisa." Sasa nasikia nimeahidi mbuzi wa harusi.

Hayo nayameza. Lisilomezeka ni ile "achana nayo, haikuwa na maana." Nani kakupa kazi ya kunichagulia yenye maana?

Jumamosi kwenye hiace ya Kwa Mrombo konda kanisemesha weee, mimi "eeh?" tu. Dereva akazima injini wajaze mafuta, konda akamwambia, "Huyu mzee hamna kitu." Nikalipata lote. Alipokuja kudai nauli, injini ilikuwa imeshawashwa. Kwa kelele ile, ningesikiaje?