Sikuzima Umeme wa Nyumba Nzima

Kabla sijasema lolote: sikuzima umeme wa nyumba nzima. Nilizima taa ya chumba nilichokuwa nimekaa, basi. Hiyo ya kwenda kushusha swichi kuu ni chumvi ya rafiki yangu, Katibu wa kikundi chetu cha akiba, ambaye tangu Jumapili jioni anazunguka na kisa hiki mdomoni kama ameajiriwa nacho. Ameshakifikisha hadi kwa watu wasionijua. Jana mtu kanipigia simu, salamu hata hajaimaliza, anauliza, "Eti na kamera uliiziba kwa mkono?"

Ndiyo, kamera niliiziba. Tutafika huko.

Mnaonifahamu mnajua mimi ni mtu wa Microsoft Money. Kwa vijana: hiyo ni programu ya kutunzia hesabu za nyumbani, ilitoka mara ya kwanza mwaka 1991 na ikaacha kuuzwa mwishoni mwa Juni 2009. Mwaka uliofuata likatolewa toleo la kuagia, la bure, lisilohitaji kuidhinishwa kupitia intaneti, likaitwa Money Plus Sunset. Sunset ni machweo. Yaani programu imezaliwa na tangazo la msiba wake limeandikwa kifuani, na mimi ndiyo niliyoichagua nizeeke nayo. Huduma zake za mtandaoni zilikatwa Januari 2011. Tangu hapo hakuna sasisho, hakuna wa kumpigia, hakuna wa kumlalamikia. Tumebaki mimi, yeye, na kumbukumbu ya kila senti niliyotumia tangu siku zile nilipokuwa na nywele.

Najua unataka kuniuliza kwa nini sihami. Hama wewe! Money inatoa data zake kwa faili za QIF, zile za kuhamishia hesabu toka programu hadi programu, akaunti moja baada ya nyingine, na mimi nina akaunti 27, nusu yake zilishafungwa lakini historia yake siwezi kuitupa. Nilijaribu mara moja kuzipeleka kwenye programu ya kisasa. Kila nilipohamisha pesa kutoka akaunti hii kwenda ile, yenyewe ikahesabu mara mbili. Kwa dakika kumi nilikuwa tajiri. Nikarudi nyumbani kwa mzee wangu.

Sasa, kompyuta ya zamani ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga, nikanunua mpya, yenye Windows 11. Ilikuwa Ijumaa. Jumapili saa kumi jioni kulikuwa na mkutano wa mwaka wa kikundi chetu cha akiba, watu 14, kwa video, na mhazini ni mimi. Kwa hiyo nilikuwa na siku mbili nzima za kujiandaa. Hizo siku mbili zishikeni, zitanihukumu.

Ijumaa usiku nikaisakinisha Money, nikabofya, ikagoma. Inataka Internet Explorer 6 au ya juu zaidi. Jamani! Kompyuta ina harufu ya boksi bado, Internet Explorer yenyewe ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022, halafu mzee anaamka anaulizia kivinjari cha mwaka 2001. Ni kama babu aliyeshtuka usingizini akaanza kumwita rafiki yake aliyezikwa zamani.

Sababu ipo. Kurasa za Money huchorwa na mtambo wa Internet Explorer, na kabla haijafunguka huchungulia kwanza kwenye rejista ya Windows, yaani daftari lake la ndani la mipangilio, kuona lipo toleo gani. Mtambo wenyewe bado umo humo humo ndani. Kinachokosekana ni maandishi tu. Dawa tunayoijua wakongwe ni kuingia kwenye rejista na kumwandikia namba ya toleo inayoanza na 9. Yaani unamdanganya babu: "Yupo, yupo chumbani, anavaa viatu anakuja." Babu anaridhika, anaanza kazi.

Saa saba usiku ikafunguka. Nikapiga picha skrini, nikaituma kwenye kundi letu na maneno haya, nayanukuu kwa aibu: "Wataalamu hatufi." Katibu akajibu kwa kidole gumba. Kidole gumba cha mtu anayesubiri.

Kulikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Kwenye Windows mpya Money ina ugonjwa wa kuanguka ghafla, na mtuhumiwa mkubwa ni faili moja linaloitwa mnyob99.dll. Kuna namna ya kulirekebisha. Nikasema hiyo nitaifanya Jumatatu. Kosa si la programu, imeshastaafu, haidaiwi na mtu. Kosa ni la aliyesema Jumatatu.

Halafu likaja suala la mafaili. Money ukiiachia ijichagulie jina, faili lako huliita My Money. Mimi niliiachia. Mara mbili. Hesabu za kikundi zilikuwa kwenye My Money, na hesabu zangu binafsi zilikuwa kwenye My Money nyingine, kila moja na folda yake, na kwa miaka 19 hayakuwahi kukutana. Jumamosi nikayahamisha kutoka kwenye flashi, yote mawili, folda moja. La kikundi likaanza. Windows ikaniuliza kwa adabu: lipo faili lenye jina hili, nilibadilishe? Nikajua inaongelea lile tupu nililolitengeneza usiku wa majaribio. Ndiyo, badilisha. Likafuata langu. Ikauliza tena vilevile. Nikasema huyu naye msahaulifu, si nimeshamjibu? Ndiyo!

Wewe uliyeshika kichwa hapo, asante. Mimi sikushika. Nilikwenda kulala.

Lazima niseme kidogo kuhusu lile faili langu binafsi. Kitu ambacho hakijawahi kuonwa na mtu mwingine kwa miaka 19 hukiandikii kwa lugha ya ofisini. Akaunti unaipa jina linalokusaidia kukumbuka. Watu unawapa majina yanayokutuliza moyo. Sitasema zaidi, mtayaona yalivyo, kama walivyoyaona wengine.

Jumapili, saa kumi na dakika tano. Watu wote wameingia. Mwenyekiti wetu, mtu mzima wa heshima zake, kafungua mkutano kwa nusu saa, akasema sasa tumsikilize Mhazini. Mke wangu naye ni mjumbe. Yeye alikuwa sebuleni na simu yake. Mimi chumbani, shati limepigwa pasi, chini kaptura. Nikaonyesha skrini.

"Ndugu wajumbe, mnaiona?"

"Tunaiona, Mhazini."

Nikabofya My Money. Ikafunguka vizuri, haraka, sijawahi kuiona ikifunguka haraka vile. Na mimi sikuitazama. Nilikuwa nimetazama kile kidirisha kidogo chenye uso wangu, naweka kola sawa. Nikaanza hotuba niliyoiandaa:

"Mwaka huu nimeamua hesabu ziwe wazi kabisa. Kama mnavyojionea wenyewe, hakuna kilichofichwa."

Kimya.

Nikadhani wameguswa. Nikaendelea: "Kila mmoja wetu ataona nafasi yake humu."

Katibu akakohoa. Kikohozi cha mtu aliyebanwa na kitu kisicho mafua. Halafu ikaja sauti ya mke wangu. Niliisikia mara mbili, kwenye spika na kupitia ukutani:

"Baba watoto. Huo mstari wa tatu kutoka juu nimeusoma vizuri?"

Nikageuza macho. Polepole, maana shingo ilishajua. Ukurasa wa mbele wa Money huorodhesha akaunti unazozipenda, na salio la kila moja pembeni. Mstari wa tatu: "Mfuko wa Siri (Mama Watoto Asijue)". Na salio lake. Lote, hadi senti.

Hapa ndipo mtu mwenye akili angebonyeza kitufe cha kuacha kuonyesha skrini. Kilikuwepo, kikubwa, chekundu, juu kabisa. Mimi nilibofya popote ili ukurasa ule uondoke. Na uliondoka kweli. Nilikuwa nimebofya mstari wa nne.

Mstari wa nne ni akaunti inayoitwa "Waliokopa Wakapotea".

Ikafunguka orodha yake: tarehe, jina, maelezo, kiasi. Safi, imepangwa, hakuna kosa hata la herufi. Nikataka kurudi nyuma, nikabofya mara tatu, mara nne, na hapo ndipo Money ikaganda. Juu ikaandika kwamba haijibu. Ya wenzangu wote huanguka. Ingeanguka, dirisha lingefungwa, ningeokoka! Yangu iliganda, ikasimama palepale kama ushahidi mahakamani.

Sasa msikilize kilichofuata, maana hii ndiyo sehemu ambayo Katibu anaipotosha.

Kwanza, niliziba kamera kwa kiganja. Nilitaka wasione orodha. Orodha haipiti kwenye kamera, najua, hata wakati ule nilikuwa najua, lakini mkono ulikuwa umeshatoka. Pili, mkono wa pili ukapunguza mwanga wa skrini. Nikaupunguza, nikaupunguza, hadi kwangu pakawa peusi. Ile nafuu niliyoipata sijui niieleze vipi. Lakini nikichungulia kwa pembeni nikawa bado naona vivuli vya majina. Tatu, ndipo nikanyoosha mguu, nikazima taa ya chumba kwa dole gumba. Mapazia nilikuwa nimeyafunga kwa ajili ya mkutano. Giza totoro. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Kimya. Nikajisemea: imepita.

"Mhazini," ikaja sauti ya dada mmoja, ya upole, ya kunionea huruma, "sisi bado tunaona. Ila wewe ndiye hatukuoni."

Na humo gizani, mkono kwenye kamera, mguu mmoja ukutani, nikamsikia Mwenyekiti anatafuta miwani. Unajua ile sauti ya mtu mzima anapofungua kasha la miwani? Tak. Halafu akaanza kusoma. Hasomi kimoyomoyo yule mzee. Anasoma kama alivyofundishwa darasani, kwa silabi:

"Mwe-nye-ki-ti... Ma-ne-no... Me-ngi."

Akanyamaza kidogo.

"Maelezo. 'Kaapa mwisho wa mwezi. Hakusema mwezi gani.'"

Akanyamaza tena.

"Tarehe..." Tarehe hakuimalizia. Ilikuwa ya zamani kidogo.

Sina la kuwaambia kuhusu sekunde zilizofuata isipokuwa kwamba mguu uliota ganzi. Aliyeniokoa ni mke wangu: alifungua mlango, akawasha taa, akanitazama kuanzia kiganja kwenye kamera hadi dole gumba ukutani, akaifunga kompyuta kwa kidole kimoja. Hakusema kitu. Mpaka leo hajasema kitu kuhusu mguu.

Yaliyobaki ni haraka haraka. Faili la kikundi lilipatikana: Money ukiifunga hukuuliza kama ihifadhi nakala, na flashini kulikuwa na nakala moja ya zamani, ile yenye mbf mwishoni, ambayo siku ile nilikubali kwa bahati mbaya. Miezi mitatu iliyopungua nimeichapa upya kutoka kwenye daftari. Mkutano umerudiwa, hesabu zimelingana, nimeonyesha karatasi iliyochapishwa nikiishika kwa mkono mbele ya kamera. Lile faili la dll nimelirekebisha, Jumatatu, kama nilivyoahidi. Mfuko wa Siri umebadilishwa jina, na aliyelibadilisha si mimi. Sasa unaitwa "Mfuko wa Mama Watoto (Baba Watoto Anajua)".

Na Katibu, bwana, kwa kuwa wewe ndiye msimulizi wa taifa zima: mbona mwenzangu ukisimulia unaishia mstari wa kwanza? Waambie na mstari wa pili. Waambie "Katibu Kesho" ni nani, na maelezo yake yalisemaje.

Mwenyekiti alilipa jioni ileile. Lote, kwa mkupuo mmoja, bila simu, bila hotuba. Nikafungua Money niandike. Ile programu ina tabia ya kukumbuka: ukianza herufi za mwanzo za jina, yenyewe inakumalizia. Safari hii nilikusudia kuandika kwa heshima zote, "Mwenyekiti", nukta. Nikaandika M, w, e. Ikanimalizia: "Mwenyekiti Maneno Mengi".

Nikatazama nyuma kama mlango umefungwa. Nikagonga Enter.