TAPELI USIPOKEE

Fundi baiskeli wetu ameshaweka statasi kwamba nilipiga magoti mbele ya dirisha la ofisi nikalia. Sikulia. Magoti ni kweli kidogo, nilikuwa naokota kalamu. Acheni niseme mwenyewe kabla habari haijafika Muheza.

Mnaonijua mnajua nilivyopigwa mwaka juzi. Nadaiwa kodi ya nyumba, ikaingia meseji, "Ile hela itume kwenye namba hii." Nikatuma 85,000 bila kupepesa macho. Tangu hapo nimekuwa mtaalamu wa matapeli Ngamiani nzima, wazee wananiletea simu zao nikague.

Sasa nikaomba cheti mtandaoni. Cheti gani na ofisi gani sisemi, maana bado hawajanipa. Nikajaza fomu, nikapewa kontroli namba ya kulipia, tarakimu 12 inaanza na 99 kama kawaida, nikalipa kwa simu, risiti ikaja papo hapo. Barazani nikaisifu serikali hadi kahawa ikapoa. Ikapita wiki, kimya.

Alhamisi jioni ikaita namba ngeni, ya simu ya kawaida tu. Sauti ya kibinti. "Wewe ndiye uliyeomba cheti? Nitajie namba yako ya NIDA."

Hata hujambo hana! Jamani, tapeli wangu wa pili, yule wa zawadi ya bahati nasibu, alinisalimia, akauliza watoto, akanipa pole ya mvua. Huyu nikajua ni tapeli mchanga, hajafundwa. Nikaweka spika, baraza likasogea.

"Andika, mwanangu," nikamwambia. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Nikampa: 1914, 11, 04. Siku ya Vita vya Nyuki, Waingereza wanakimbizwa na nyuki hapa hapa Tanga. Na yeye anaandika! "Sifuri nne... endelea." Baraza hoi. Nikamalizia kwa wosia: "Tafuta kazi ya halali. Hata kukaanga bajia ni kazi." Akasema, "Kaka, hili faili lako..." nikakata. Namba yake nikairipoti kwenye 15040, namba ya kuripoti matapeli, kisha nikaihifadhi kwa jina ambalo mmeshalisoma hapo juu.

(Anayecheka sasa hivi asubiri.)

Jumatatu nikaenda mwenyewe kuulizia. Fundi kanisindikiza, ndiyo maana mna statasi. Dirishani yupo mama mtu mzima, miwani puani. Akataka risiti ya malipo, nikaifungua kwenye simu, nikaipenyeza simu yote chini ya kioo. Ikawa upande wake.

"Hili ombi nililipigia Alhamisi," akasema. "Akapokea mlevi. Ngoja nihakiki namba."

Ile sauti. Moyo ukashuka hadi kwenye kandambili. Akachukua simu yake. Anasoma namba kwenye kompyuta, anabonyeza kwa kidole kimoja, sifuri... saba... mimi natia mkono chini ya kioo, mkono unaishia kwenye kiwiko. Sita... Vidole vyangu vinaigusa simu, vinaisukuma mbali zaidi. Tisa...

Taarabu ikalia ofisi nzima. Simu ikawa inacheza juu ya meza yake, inajizungusha polepole, hadi kioo kikamtazama yeye. TAPELI USIPOKEE. Herufi kubwa zote.

Akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa, akasoma tena. Taarabu inaendelea. Jamaa nyuma yangu kwenye foleni akachungulia, akawasomea walio mbali: "Ta-pe-li!" Hapo ndipo kalamu ilipoanguka, na kule chini nilikaa zaidi ya ilivyohitajika.

"Shikamoo, mama," nikasema nikiwa bado sakafuni.

"Mimi ndiye wa kukuamkia, babu. Si umezaliwa Vita vya Nyuki?" Halafu taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniua: "Na bajia nakaanga, mwanangu. Kila Ramadhani."

Mengine mafupi. Alinipigia kwa sababu kiambatanisho nilichopandisha nilikipiga picha kidole gumba kimeziba jina. Nikapiga upya hapo hapo, Fundi kashika karatasi huku mabega yanamtetemeka. Nikaambiwa nisubiri, nitapigiwa. Namba nimeihifadhi upya: MAMA CHETI POKEA HATA CHOONI.

Ila mama naye ana simu ya pili, mkononi nilimwona nayo. Kwa hiyo sasa kila namba ngeni naipokea nimesimama wima. Jana ikaita moja, nikawahi: "Shikamoo, mama!"

Ikaitika sauti nzito, tamu kama halua: "Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo? Poleni na mvua."

Nikajua huyu si serikali.