Saini ya mwanaanga ninayoithamini kuliko zote

Katika vitu vyote vilivyosainiwa na wanaanga wa Marekani, sioni kinachofikia zile ambazo wakusanyaji huziita bahasha za bima. Bima kubwa ya maisha kwa mtu anayekwenda mwezini ilikuwa ghali kupindukia. Basi Neil Armstrong, Buzz Aldrin na Michael Collins, wakiwa karantini kabla ya safari ya Apollo 11, walisaini mamia ya bahasha, zikaachwa kwa mtu waliyemwamini. Nyingine zikagongwa muhuri wa posta siku ya kuruka, 16 Julai 1969, nyingine siku ya kutua, 20 Julai. Wasingerudi, familia zao zingeziuza.

Hapo ndipo ninaposhikwa. Saini zile hazikutiwa ili kumfurahisha shabiki. Zilitiwa na baba watatu waliojua kwamba huenda wasiwaone tena watoto wao. Walirudi salama, bahasha zikakaa majumbani mwao, na miaka ya 1990 zikaanza kuonekana minadani. Utaratibu huo wa kuachia familia bahasha uliendelea hadi Apollo 16.

Wapo wanaozipenda zaidi bahasha za Apollo 15, kwa kuwa zenyewe zilifika mwezini. Mimi sikubali. Mwaka 1971 David Scott, Alfred Worden na James Irwin walibeba bahasha 398 bila idhini, na 100 kati yake zikaishia kwa mfanyabiashara wa stempu wa Ujerumani, Hermann Sieger. Habari zilipovuja, walikaripiwa na hawakuruka tena. Walisema fedha zilikuwa za watoto wao, na nawaamini. Lakini mapatano ya biashara yalifanywa kabla ya roketi kuwashwa. Bahasha ya bima ilikuwa ya kuuzwa endapo tu mwenyewe amekufa, na kwangu tofauti hiyo ni kubwa.

Kisha kuna saini zisizo na mtu kabisa. Barua za mashabiki zilikuwa nyingi mno, NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ikatumia mashine ya kusaini: mkono wa chuma unashika kalamu ya kawaida na kufuata kiolezo cha saini. Wino ni halisi, kwa hiyo wengi hudanganyika. Chukua saini mbili unazozishuku, zipandanishe mbele ya mwanga. Zikilingana kila kona, achana nazo, kwa sababu binadamu hasaini hivyo hata siku moja. Angalia pia unene wa mstari. Mkono wa mtu hukandamiza hapa, hulegeza pale. Mashine huvuta mstari wa unene uleule, na mara nyingi huacha kidoa pale kalamu ilipotua na ilipoinuka.

Armstrong aliacha kuwasainia watu mwaka 1994, baada ya kuona saini zake zinageuzwa bidhaa na za kughushi zinazagaa. Wakusanyaji kadhaa bado wanamnung'unikia. Naona alikuwa na haki kabisa. Alikuwa amesaini bure kwa miaka mingi, na waliomharibia moyo ni wale waliopanga foleni ili wakauze.

Kwa anayeanza sasa, ushauri wangu ni kulisahau jina la Armstrong kwanza. Muulize muuzaji kitu kilitoka mikononi mwa nani, na kama ipo barua ya mwanaanga au familia yake inayothibitisha. Akianza kuzungukazunguka, funga pochi.