Skuta ya cc 125: hapo kwenye kuondoka mmeionea

Mwandishi wa tathmini yenu ya skuta hii ndogo ya cc 125 anasema ni nzito kuondoka. Nami nimeiendesha, na naona ameionea. Ukivuta mafuta kwa woga, injini inanguruma na wewe bado umesimama, kwa sababu klachi yake, yaani kiungo kati ya injini na tairi, hujishika yenyewe mizunguko ya injini ikishapanda. Vuta kwa uhakika, inaondoka vizuri tu, na kwenye foleni inapenya hata pale pikipiki kubwa inapokwama. Ikipita kilomita 70 kwa saa ndipo pumzi inaanza kukata, lakini nani anaikimbiza hivyo akienda kazini?

Kilichonikera mimi ni tairi la nyuma. Rimu ni ndogo, ya inchi 10, haikwepeshi kitu. Kila shimo inaliingia mzimamzima, na shokapu ni ngumu hivyo mgongo ndio unaolipa. Ajabu ni kwamba ukipakia mtu inatulia.

Wanaotoka kwenye pikipiki za gia wawe macho: mkono wa kushoto huku ni breki ya nyuma, si klachi. Mkiubana mpaka mwisho kwa mazoea mkiwa kwenye kona yenye mchanga, tairi linateleza. Tena ukiachia mafuta haipunguzi mwendo upesi kama mlivyozoea, kwa hiyo anzeni kushika breki mapema.

Na hilo sanduku la chini ya kiti mlilolisifu sana, helmeti yangu ya uso mzima haikuingia. Koti la mvua linaenea.