Kolamu ya ushuru ilindwe na nani, modeli au kontrola?

Kuna ubishi kwa sisi tunaoandika Laravel (fremuwaki ya PHP ya kujengea mifumo ya wavuti) hapa Mwanza haujawahi kuisha, wakikutana wawili watatu lazima uibuke: ulinzi wa fildi za modeli, ile sehemu ya kodi inayosimamia jedwali la data, ukae wapi? Kambi ya kwanza wanasema ukae ndani ya modeli yenyewe, unaorodhesha kwenye `$fillable` kolamu zinazoruhusiwa kujazwa, zingine zote zimefungwa, unalala. Kambi ya pili wanasema modeli iache wazi, `$guarded = []`, uchujaji ufanyike kwenye kontrola, ile sehemu inayopokea ombi la mtumiaji, kabla data haijafika huko. Mimi nina upande, ila una masharti, na kila kambi ina hoja ambayo wenzao wanajifanya hawajaisikia.

Tuweke mfano tusibishane hewani. Chukua mfumo wa stoo ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Mzigo unakuja kutoka visiwani, mwenye mali anajisajilia mwenyewe kwa simu: jina, namba, kisiwa alikotoka, idadi ya magunia. Jedwali la `mizigo` lina hizo kolamu nne, halafu lina zingine ambazo yeye kwenye fomu hazioni, `ushuru`, `umelipwa`, `amethibitisha`. Developa ana haraka, anaandika `Mzigo::create($request->all())`, mstari mmoja unaoingiza kwenye jedwali chochote kilichokuja na ombi, kazi imeisha, na kwenye skrini kila kitu kiko fresh maana fomu ina vibox vinne tu. Sasa seva haijui habari za fomu, seva inapokea kilichotumwa basi, na mtu yeyote anayejua kufungua zana za brauza anaweza kujiongezea mkiani mwa ombi:

`kisiwa=Ukara&magunia=40&umelipwa=1`

Mzigo umeingia, mfumo unasema umelipwa, hela hakuna aliyeishika.

Na hii si ya kutishana tu wakuu, iliwakuta GitHub, ile tovuti ya kuhifadhia kodi. Machi 2012 kijana mmoja wa Urusi, Egor Homakov, aliwaambia watu wa Rails (fremuwaki ya wavuti ya lugha ya Ruby) kwamba kuacha modeli wazi tangu mwanzo ni hatari, akaonekana anakuza mambo, developa ajilinde mwenyewe. Kwa kuwa GitHub nayo imejengwa kwa Rails, akawaonyesha palepale: akafungua tiketi yenye tarehe ya miaka zaidi ya 1000 mbele, kisha akapachika ufunguo wake wa kuingilia kwenye akaunti ya Rails na kuingiza mabadiliko kwenye ripo (hifadhi ya kodi) yao kuu bila kuruhusiwa na mtu. Kisa fomu ya ufunguo ilikuwa inameza hadi ID ya mmiliki.

Kilichofuata ndiyo kinanivutia zaidi kuliko tukio lenyewe, kwa sababu Rails walipita kambi zote mbili. Mwezi uleule walitoa toleo la 3.2.3 ambalo mradi mpya unaanza na modeli zimefungwa, mpaka utaje kolamu kwa `attr_accessible`. Mwaka uliofuata, 2013, kwenye Rails 4 wakaing'oa hiyo kwenye modeli kabisa wakaihamishia kwenye kontrola, zile strong parameters, `permit` hiki na hiki. Yaani walijaribu kufunga ndani, wakaona haikai vizuri, wakatoka nayo mlangoni.

Haikai vizuri kwa nini? Kwa sababu modeli haijui nani anaomba. Rudi Mwaloni: mwenye mzigo haruhusiwi kugusa `umelipwa`, lakini karani wa stoo anaruhusiwa, na meneja anaruhusiwa mpaka kupunguza ushuru. Modeli ni hiyohiyo moja. Ukiweka `umelipwa` kwenye fillable umewafungulia wote, usipoiweka umemfungia na karani. Rails 3.1 walijaribu kutibu hili kwa kuweka orodha tofauti kwa kila cheo humohumo ndani ya modeli, ikawa modeli inabeba habari za nani amelogini, kitu ambacho si kazi yake. Kontrola ndiyo inamjua aliyegonga hodi, hapo kambi ya pili wanashinda na mimi sibishani nao.

Halafu kuna lingine ambalo kambi ya fillable hawapendi kulisema. Wavuvi wa dagaa wanategemea giza, kwenye mbalamwezi kazi inapungua, kwa hiyo mizigo nayo inashuka kwa misimu, na karani akizidiwa anaandika kwenye Excel, baadaye unaandika skripti ya kuimwaga yote kwa mkupuo. Skripti inapita kwenye modeli. Kolamu ya `umelipwa` haipo kwenye fillable, na Laravel ukishaorodhesha baadhi ya kolamu, zile zingine inazitupa kimya kimya, haipigi kelele wala hailalamiki. Safu zote zinaingia, skripti inasema imemaliza, na kesho yake watu waliolipa wanadaiwa upya mbele ya magunia yao, hebu fikiria hayo maneno utakayoyasikia Mwaloni! Dawa ipo, tangu Laravel 9 unaweza kuita `Model::preventSilentlyDiscardingAttributes()` ikarusha kosa badala ya kunyamaza, lakini ni miradi mingapi wameiwasha? Ulinzi unaotupa data bila kusema ni nusu ulinzi.

Sasa twende kwa kambi ya kwanza, maana wao wana hoja nzito na ni ya kibinadamu zaidi kuliko ya kitaalamu. Kontrola ni nyingi. Leo una ya wavuti, kesho una ya API, mlango ambao app ya simu inaongea nao, keshokutwa kuna inayopokea majibu ya malipo, na kuna kijana wa field aliyekuja miezi miwili akaandika mbili zake akaondoka. Ukisema ulinzi uko mlangoni maana yake kila mlango uwe na mlinzi na asisinzie hata mmoja. Modeli ni moja. Anayesahau kwenye kontrola anaokolewa na fillable, ambaye hana fillable haokolewi na mtu. Ndiyo maana hata Django, fremuwaki ya Python, hawakuachia mtu hiari: kuanzia 1.8, ModelForm (fomu inayotengenezwa kutoka kwenye modeli) usipoitajia fildi inakataa kabisa kufanya kazi, unataka zote basi andika mwenyewe kwamba unataka zote.

Wa kambi ya pili hupenda kujitetea kwa Filament, zana ya kujengea kurasa za usimamizi kwenye Laravel, kwamba mbona mwongozo wao wenyewe unakuambia `Model::unguard()`, yaani fungua modeli zote. Ni kweli, ila soma na sababu: Filament inahifadhi zile fildi za fomu ulizozitaja tu, kwa hiyo uchujaji umeshafanyika. Wewe unachukua unguard ya Filament unaibakiza kwenye mradi uleule wenye kontrola za `$request->all()`. Hapo umechanganya dawa.

Msimamo wangu basi. Ruhusa ya nani aguse nini ikae kwenye ombi, FormRequest (darasa la Laravel lenye sheria za ombi) na `validated()` (inayorudisha zilizopita sheria tu), kwa karani yake na kwa mwenye mzigo yake. Fillable ibaki pia, lakini fupi, zile fildi za kawaida tu. Na `$guarded` ya kutaja vichache vya kukataa mimi siitumii, kwa sababu ukiongeza kolamu mpya mwezi ujao inazaliwa ikiwa wazi, na ukiacha hilo, 2020 Laravel walilazimika kutoa marekebisho ya usalama yaliyogusa modeli zenye `$guarded`.

Kolamu za hela ni habari nyingine. `umelipwa` haitakiwi kujazwa na fomu ya mtu yeyote, hata meneja. Iwe na njia yake, `$mzigo->pokeaMalipo()`, ambayo inaandika safu kwenye jedwali la malipo, nani kapokea, saa ngapi, kwa risiti gani, ndipo inabadilisha hali. Ukifanya hivyo nusu ya ubishi wa fillable unakufa wenyewe, maana kolamu hatari hazimo kwenye mkupuo. Gharama yake ni kazi zaidi, na kwa kimfumo cha duka chenye majedwali matatu na mtumiaji mmoja sitakulazimisha.

Upande wa kusoma nao una shida ileile, `$hidden`, orodha ya kolamu ambazo modeli haizionyeshi, inaficha namba ya simu kwa wote wakati karani anaihitaji kumpigia mwenye mzigo, tumia API Resource, darasa la kupanga data inayorudishwa, uchague kwa kila anayeomba. Wengi hawaligusi hili hata kidogo, wakati OWASP, shirika la usalama wa programu, kwenye orodha yao ya hatari za API ya 2023 wameunganisha mambo yote mawili, kuandika usichoruhusiwa na kuonyeshwa usichotakiwa kuona, kwenye namba moja, ya 3.

Kama una mfumo wa zamani unaotembea, usianze na modeli. Tafuta `->all()` kwenye folda ya kontrola, uanze na zile zinazogusa hela na vyeo vya watumiaji, zingine zitasubiri.