Losheni Haihitaji Jicho la Sungura

Mapema mwezi huu niliingia katika duka moja la vipodozi karibu na River Road kumtafutia mafuta mpwa wangu, ambaye ana ukurutu na ambaye ngozi yake hupasuka kila baridi ya Julai inapoingia Nairobi. Nilipomuuliza muuzaji kama krimu aliyonionyesha ingemfaa mtoto, alinijibu kwa upole, "Usijali, dada, hii imepimwa kwa wanyama kabla ya kuletwa huku." Alikusudia kunituliza, lakini niliirudisha krimu kwenye rafu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitafakari kwa nini maneno ambayo wengi huyapokea kama dhamana hayanipi mimi dhamana yoyote.

Kipimo kinachotajwa mara nyingi kilielezwa mwaka 1944 na John Draize, mtaalamu wa sumu katika mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, pamoja na wenzake. Dutu hutiwa katika jicho moja la sungura mweupe, jicho la pili huachwa ili kulinganishwa, kisha kwa siku kadhaa wapimaji hutazama wekundu, uvimbe, uchafu unaotoka na ukungu unaotanda juu ya mboni, wakitoa alama kwa kukadiria. Kwa miaka mingi sungura hao walibanwa shingo ndani ya visanduku ili wasiweze kujikuna. Sungura alichaguliwa kwa kuwa ni mpole, ni rahisi kufugwa na ana jicho kubwa, ingawa jicho hilo halifanani na letu: lina kope la tatu, hupepesa kwa nadra na hutoa machozi machache, hivyo kinacholiingia hukaa humo. Ngozi yake nayo hupitisha kemikali kwa urahisi kuliko ngozi ya binadamu. Mwaka 1971, watafiti Weil na Scala walichapisha utafiti ulioonyesha maabara mbalimbali zikitoa majibu yaliyopishana mno kuhusu dutu zilezile. Basi mnyama anateswa, na jibu linalopatikana linategemea ni nani aliyekuwa akimtazama.

Isitoshe, madhara makubwa tunayoyaona hapa Nairobi hayatokani na kemikali zisizojulikana. Krimu za kujichubua zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, kwa miaka mingi, na bado zinauzwa kichinichini, nyingine zikiwa hazina hata orodha ya viambato. Zebaki hupenya ngozini, hujilimbikiza mwilini na kuharibu figo polepole, na tone linalotiwa katika jicho la sungura na kutazamwa kwa siku chache haliwezi kufichua madhara ya aina hiyo. Kinachomlinda mama anayenunua krimu ya aina hiyo ni mkaguzi anayechukua kopo kutoka dukani na kulipeleka maabara ili kiwango cha zebaki kipimwe kwa mashine, kazi isiyohitaji mnyama hata mmoja.

Ndiyo maana napinga sheria zinazolazimisha vipimo hivi kwa bidhaa za kila siku. China ilikuwa mfano mkubwa: hadi Mei 2021, losheni au shampuu ya kawaida iliyoagizwa kutoka nje haikuruhusiwa kuuzwa madukani huko kabla ya kupimwa kwa wanyama, hata kama viambato vyake vyote vilikuwa vimetumiwa na watu kwa miongo. Kanuni hizo zililegezwa kwa watengenezaji wenye cheti cha serikali cha utengenezaji bora na tathmini ya usalama, lakini bidhaa maalumu kama vile rangi za nywele na kinga ya jua ziliachwa nje ya msamaha huo. Umoja wa Ulaya, kwa upande wake, ulifunga soko lake mwaka 2013 kwa vipodozi vilivyopimwa kwa wanyama, na India ikafuata mwaka 2014.

Hata Ulaya, hata hivyo, mlango haukufungwa kabisa, na jambo hili linaniumiza. Mwezi Novemba 2023 mahakama ya Umoja huo ilikubali kwamba kampuni ya Symrise inaweza kutakiwa kupima kwa wanyama viambato viwili vya kinga ya jua vinavyotumika katika vipodozi pekee, kwa kuwa sheria ya kemikali inataka kuwalinda wafanyakazi wa viwandani. Usalama wa mfanyakazi naujali sana, lakini naona ni makosa kwa sheria moja kurudisha kilichokatazwa na nyingine.

Wapo watakaoniuliza kiambato kipya kipimwe vipi. Tangu mwaka 2010 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lina mwongozo unaotumia tabaka la ngozi lililooteshwa maabara kutokana na seli za binadamu: kemikali hupakwa juu yake, huoshwa, kisha hupimwa ni seli ngapi zimebaki hai, na zikiwa nusu au pungufu, kemikali hiyo huhesabiwa kuwa inawasha. Hiyo ni ngozi ya binadamu ikijibu swali kuhusu ngozi yetu. Nakiri kwamba mwongozo huo haujibu kila swali, hasa kuhusu madhara ya muda mrefu. Kwa mafuta ya kujipaka, hata hivyo, tunaweza kungoja kiambato kipya kwa subira, kwa kuwa vya zamani vinatosha.

Siku ile nilitoka dukani na kopo la mafuta mazito yasiyo na manukato, yenye kiambato kimoja tu, kama daktari wa ngozi alivyokuwa amemwelekeza dada yangu. Sheria yetu ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, inataka anayefanya majaribio kwa wanyama awe na leseni. Naomba wabunge wetu waongeze humo kifungu kinachosema kwamba leseni hiyo haitatolewa kamwe kwa ajili ya vipodozi, na kwamba hakuna afisa atakayemtaka mtengenezaji wa losheni au sabuni alete matokeo ya vipimo vya wanyama ndipo aruhusiwe kuuza.